Hasheem Thabeet na hukumu ya mashabiki

Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya makocha, wachezaji vijana na wapenzi wa mpira wa kikapu. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Makocha, dada zangu na kaka zangu, habari za jioni. Na nyie vijana mliokaa huko nyuma mmepakata mipira yenu, hamjambo?

Tarehe 25 Juni 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, ilikuwa drafti ya NBA, siku ambayo timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu. David Stern, kamishna wa ligi wakati huo, alipanda jukwaani akamwita Blake Griffin. Kisha akapanda tena, akalitaja jina la Hasheem Thabeet. Wa pili! Kijana aliyezaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1987, aliyeanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Wa tatu akaitwa James Harden. Wa saba akaitwa Stephen Curry. Wa tisa, DeMar DeRozan.

Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa, na haujaisha mpaka leo. Kila drafti inapokaribia, watu hupanga orodha za machaguo mabaya, na jina lake halikosekani. Mechi 224 za NBA. Kwa mechi, pointi 2.2, ribaundi 2.7, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, na bloku 0.8, yaani mitupo aliyoizuia. Amechezea Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, kisha basi. Ukizisoma namba hizo huku umemweka Curry pembeni yake, unasema nini? Unasema garasa. Mashabiki wengi wa NBA wamesema hivyo. Mashabiki wa Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, alikotokea, wamegawanyika: wapo wanaomtetea kama mtoto wa nyumbani, na wapo wanaosema hata chuoni alibebwa na urefu wake wa mita 2.21. Na sisi huku, tulioamka usiku kumtazama, tumegawanyika vilevile.

Ndugu zangu, hukumu hiyo imetolewa bila kusikiliza kesi. Thabeet wa chuoni alikuwa mlinzi wa kweli, mmoja wa walinzi bora waliopita katika vyuo vya Marekani. Thabeet wa NBA hakufikia matarajio, na hilo halifichiki. Lakini kutofikia kule kuna sababu zinazotajika moja moja, na nyingi ya sababu hizo mwalimu wa mchezo anaweza kuzishughulikia mapema. Anayesema garasa akaishia hapo hajajifunza kitu, na mtoto mrefu wa kesho atamfundisha vibaya kama wa jana.

Tuanzie Connecticut. Jimbo lile halina timu ya NBA. UConn iko katika mji mdogo unaoitwa Storrs, na uwanja wake wa ndani, Gampel Pavilion, una viti vipatavyo elfu kumi. Kwa watu wa kule timu ya chuo ndiyo timu yao, na mchezaji wa chuo ni wao hata akishazeeka. Kocha alikuwa Jim Calhoun, ambaye alikuwa ameshachukua ubingwa wa taifa mwaka 1999 na 2004, na angeuchukua tena 2011. UConn ya Calhoun ilikuwa shule ya kuzuia mitupo: Emeka Okafor, Josh Boone, Hilton Armstrong. Thabeet aliikuta kazi hiyo ina wenyewe.

Akafanya nini? Katika misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2009, alizuia mitupo 417. Katika historia ya chuo kile anatanguliwa na Okafor peke yake, mwenye 441. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Mwaka 2009 vilevile alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo, akigawana tuzo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Huyo Blair tutamrudia. Mwishoni mwa Januari 2009, dhidi ya Providence, alimaliza mechi akiwa na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Bloku kumi katika mechi ya dakika 40! Je, hayo ni ya mtu aliyebebwa na urefu? Warefu wapo wengi. Waliofanya hayo wanahesabika.

Bloku zinahesabiwa, lakini mtupo ulioghairiwa hauhesabiwi. Gadi wa UConn, wachezaji wa nje wanaoongoza mpira, walikuwa wanamkaba mwenye mpira kifua kwa kifua, mbali kabisa na ringi, kwa sababu walijua wakipitwa nyuma yupo Thabeet. Mpinzani akimpita gadi, anaingia kwenye eneo la mbele ya ringi, anamwona, anasita, anarudisha mpira nje. Sekunde saba zimepotea. Hilo halimo kwenye karatasi ya takwimu, ila ndilo lililoifikisha timu ile kwenye nne bora za taifa mwaka 2009, baada ya kuwatoa Purdue na Missouri, kabla haijafungwa na Michigan State 82 kwa 73 kule Detroit. Timu ilimaliza msimu na ushindi mara 31 na vipigo vitano.

Sasa makocha, hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ubishi mwingi juu ya Thabeet unaendeshwa na watu wasioijua sheria. Kwa nini mtu awe mfalme wa eneo chuoni, halafu miezi michache baadaye aonekane amepotea katika eneo lile lile?

Kwa sababu si eneo lile lile. Katika mpira wa vyuo eneo lililo mbele ya ringi lina upana wa mita 3.66. Katika NBA lina mita 4.88. Mstari wa pointi tatu wa vyuo msimu ule ulikuwa mita 6.32 kutoka kwenye ringi. Wa NBA uko mita 7.24 kwa sehemu kubwa ya tao lake. Chuoni timu ilikuwa na sekunde 35 za kushambulia, NBA ni 24. Na kubwa kuliko yote: chuoni mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wote anaotaka. NBA, tangu msimu wa 2001–02, haruhusiwi. Mlinzi akikaa ndani ya eneo zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mpinzani aliye umbali wa mkono, mwamuzi anapiga filimbi, wapinzani wanapewa mtupo mmoja huru, na mpira unabaki kwao.

Fikirini maana yake. Kazi ya Thabeet ya miaka mitatu ilikuwa kukaa pale chini kama mlinzi wa geti. Siku alipofika Memphis akaambiwa: ingia, hesabu moja, mbili, toka, gusa nje kwa mguu, rudi. Na huku anatoka na kurudi, anatakiwa amwangalie mtu wake, mwenye mpira na mpiga mitupo wa kona. Na usimsahau gadi wa NBA mwenyewe, ambaye ana kasi ambayo chuoni inapatikana kwa wachache sana.

Halafu ikaja skrini, yaani mchezaji kusimama njiani amzibe anayemkaba mwenzake. Senta wa timu nyingine anapanda hadi mstari wa pointi tatu, anamwekea skrini gadi wake, kisha anashuka kuelekea ringi. NBA hufanya hivyo mara nyingi kila usiku. Mlinzi mrefu anatakiwa afanye mambo kwa mfuatano, na kila moja lina wakati wake. Kwanza apige kelele mapema, kulia au kushoto, gadi mwenzake ajue skrini inatoka wapi. Pili, asimame hatua mbili hivi chini ya skrini, kati ya mwenye mpira na anayeshuka. Tatu, arudi nyuma kwa hatua fupi fupi, makalio chini, mkono mmoja chini kwa ajili ya pasi ya kudunda, mwingine juu kwa ajili ya pasi ya angani. Nne, miguu isiondoke chini mpaka mpira umetoka mkononi mwa mpinzani. Tano, mtupo ukishatoka, ageuke, amtafute mtu wake, amzuie kwa mgongo, ndipo atazame mpira.

Mchezaji wa mita 2.21 aliyeanza akiwa na miaka 15 anaharibikiwa wapi? Katika hatua ya tatu na ya nne. Magoti yananyooka. Goti likinyooka, hatua ya kwanza inachelewa. Hatua ikichelewa, anajaribu kuifidia kwa mikono. Mikono ikishuka, ni faulo. Ndiyo maana dakika zake nyingi za NBA zilikatika: anaingia, faulo mbili za haraka, anarudi benchi. Watu wakaona uvivu. Kwa macho yangu lilikuwa suala la magoti na kuchelewa kuanza, na hivyo viwili vinatibika, ila vinataka dakika nyingi za uwanjani.

Na dalili zilikuwepo tangu chuoni. Nilisema tutamrudia Blair. Tarehe 16 Februari 2009, siku ambayo Thabeet alitimiza miaka 22, UConn wakiwa namba moja nchini, walikutana na Pittsburgh. Blair alikuwa na mita 2.01 tu, yaani sentimita 20 pungufu. Uzito wao kwenye orodha haukutofautiana sana. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alimaliza na pointi 5 na ribaundi 4. Katika kugombea ribaundi moja, Blair alimnasa mkono, akamzungusha juu ya bega lake, akamwangusha chini. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Waliomdharau Thabeet waliishika picha ile na hawajaiachia. Lakini picha ile inafundisha kitu gani? Blair alikuwa anaingia chini yake. Kila mpira ulipopigwa, aliweka makalio yake kwenye mapaja ya Thabeet kabla mpira haujafika kwenye ringi, akamsukuma nje taratibu. Mtu mrefu mwenye uzito ule ule, uzito wake umekaa juu zaidi. Akisimama wima, ni rahisi kumhamisha. Urefu unakupa mpira ulio angani. Nafasi ya kusimama unaipata kwa kuinama. Skauti aliyeitazama mechi ile kwa makini alijua kijana anahitaji miaka miwili ya kujenga miguu na kiuno. Swali likawa: ni timu gani itampa miaka hiyo miwili uwanjani?

Ikampata Memphis. Na hapa, wapenzi wa kikapu, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo ubishi unapopotea njia kabisa.

Memphis ya 2009 ilikuwa na Mike Conley anayepanga mchezo, O. J. Mayo pembeni, Rudy Gay mbele. Kwa sababu hiyo wengi walikubali kwamba haihitaji gadi mwingine. Lakini senta wake nani? Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alikuja kuwa mlinzi bora wa NBA nzima. Na wiki chache tu baada ya drafti timu ikamchukua Zach Randolph, mtu mwingine wa kucheza karibu na ringi. Kijana anayehitaji dakika kuliko kitu kingine chochote alipelekwa nyuma ya watu wawili ambao wangeijenga timu kwa miaka mingi.

Msimu wa kwanza alicheza mechi 68, akaanza 13 tu, kwa dakika 13 kila mechi. Pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Wabishi huishia hapo. Mimi nawaomba mpige hesabu. Bloku 1.3 kwa dakika 13, ukizipeleka kwenye dakika 36, zinakuwa 3.6. Uwezo wake wa kuzuia mtupo ulivuka bahari ya kutoka chuo kwenda NBA bila kulowa. Hakuwa garasa katika kile alichochaguliwa kukifanya. Kilichokosekana ni vile vingine vinavyomruhusu mtu abaki uwanjani ili akifanye: kudaka pasi, kufunga akiwa karibu, kukaba skrini, kutunza faulo.

Februari 2010, kabla msimu haujaisha, Memphis wakampeleka Dakota Wizards, katika ligi ya maendeleo ya NBA. Wakati huo hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Vichwa vya habari vikaandikwa, na jina likaharibika siku ile. Lakini hebu niulizeni: kosa liko wapi? Anayehitaji dakika akapewa dakika. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuchelewa na kufupisha. Alikaa muda mfupi tu, akarudishwa benchi. Leo ligi ile inaitwa G League, wachezaji waliochaguliwa juu wanapelekwa na kurudishwa, na hakuna anayeona aibu.

Mlinganisheni na Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa. Watu wanapenda kuuliza: mbona Mutombo naye alichelewa kuanza, naye alikuwa mzuiaji mitupo kwanza, na akafika mbali hivyo? Swali zuri. Mutombo alitoka Georgetown, kwa kocha John Thompson, akachaguliwa wa nne na Denver mwaka 1991. Alikuwa na miaka 25, mtu mzima mwenye mwili uliokomaa. Thabeet alikuwa na 22. Na Denver aliyoingia Mutombo ilikuwa imetoka kushinda mechi 20 tu kati ya 82, timu mbaya kuliko zote. Hapakuwa na Gasol wa kumweka benchi. Akacheza zaidi ya dakika 35 kwa mechi tangu mwanzo, akakosea akiwa uwanjani, akajirekebisha akiwa uwanjani, na msimu huo huo wa kwanza akaitwa kwenye mechi ya nyota wote. Wapo watakaosema Mutombo alikuwa na kipaji kikubwa zaidi, na nakubaliana nao. Mikono yake ilikuwa bora, na chini alikuwa imara zaidi. Lakini kipaji kilipewa dakika. Mkimlinganisha mtu, linganisheni na alichopewa pia.

Februari 2011 Memphis wakamtoa Thabeet kwenda Houston, pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, wakampata Shane Battier na Ish Smith. Miezi miwili baadaye Memphis, walioingia mtoano wakiwa wa nane, walikutana na San Antonio walioingia wa kwanza. Mechi ya kwanza, dakika ya mwisho, Battier akatupa mtupo wa pointi tatu uliowaweka mbele. Ukawa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya timu ile, na mwishowe wakaitoa San Antonio kwa mechi 4 kwa 2. Wanaosema chaguo lile halikuipa Memphis kitu hawajaufuata mnyororo huo mpaka mwisho.

Machi 2012 Houston nao wakamtoa. Na tazameni aliyekuwa naye kwenye mpango ule: Jonny Flynn. Vijana, mnamjua Flynn? Tarehe 12 Machi 2009, robo fainali ya Big East, Syracuse dhidi ya UConn ya Thabeet, Madison Square Garden. Mechi ikaenda nyongeza sita. Sita! Syracuse hawakuongoza hata mara moja katika nyongeza tano za kwanza, wakaja kushinda ya sita, 127 kwa 117, saa saba usiku imeshapita. Flynn alicheza dakika 67 kati ya 70, akafunga 34. Miezi mitatu baadaye Minnesota wakamchagua wa sita, nafasi moja kabla ya Curry. Akaumia nyonga, akafanyiwa upasuaji, na ilipofika 2012 yeye na Thabeet walitumwa pamoja Portland ili Houston impate Marcus Camby, ambaye naye alikuwa mzuiaji mitupo wa chuo aliyechaguliwa wa pili, mwaka 1996. Mashujaa wawili wa usiku ule mkubwa wa vyuo, katika mpango mmoja, na wa tatu aliyekwenda upande wa pili alikuwa na miaka 37, bado anacheza.

Nawaambieni haya kwa nini? Kwa sababu Curry alipitwa na timu nyingi. Minnesota walichagua mara mbili mfululizo, wa tano na wa sita, gadi wote wawili, wakamwacha. Sacramento walimwacha. Oklahoma City walimwacha na kumchukua Harden, na hakuna anayewalaumu. Mwaka 2009 Curry alikuwa kijana mwembamba kutoka Davidson, chuo kidogo, na skauti wa ligi walijiuliza kama mwili wake utahimili. Kumhukumu Thabeet kwa kutokuwa Curry ni kumhukumu kwa kosa la wakuu wa timu tano. Mhukumuni kwa mpira wake.

Lipo swali jingine ambalo mashabiki wa UConn hawachoki nalo: je, angebaki mwaka wa nne? Wanasema angekomaa. Nami najibu kwa mfano wa mtu aliyebaki. Tyler Hansbrough wa North Carolina alikuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2008. Angeweza kuondoka. Akabaki, akachukua ubingwa wa 2009 palepale Detroit, akawa mfungaji bora wa wakati wote wa chuo chake. Drafti ya mwaka huo huo akachaguliwa wa 13 na Indiana, akacheza NBA misimu saba kama mchezaji wa akiba wa kuaminika. Kule Chapel Hill, mji wa chuo hicho, hakuna anayemwita garasa. Kwa nini? Kwa sababu alichaguliwa wa 13, na wa 13 anatarajiwa hivyo. Mshahara wa mgeni wa NBA unapangwa kwa nafasi aliyochaguliwa, na kwa mchezaji wa raundi ya kwanza miaka miwili ya mwanzo ina uhakika. Thabeet mwaka 2009 alikuwa na nafasi ya pili mkononi. Kurudi chuoni kungempa nini zaidi? Nafasi ya kwanza tu, tena kama magoti yangebaki salama. Kwa kijana anayetunza familia, uamuzi ule ulikuwa sahihi. Aliyemlipa kama namba mbili alipaswa pia kumfundisha kama mwanafunzi.

Baada ya NBA hakukunja jamvi. Alirudi ligi ya maendeleo, akaenda Yokohama kule Japani, akacheza Taiwani akiwa na miaka thelathini na kitu, na kule mitupo ikaendelea kuzuiwa. Mtu asiyependa mchezo hafanyi hivyo.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu makocha wa shule mko hapa, na kila mmoja wenu anaye kijana mmoja mrefu kuliko mlango wa darasa. Mtafanya naye nini?

Msimweke chini ya ringi mkasema kaa hapo. Sheria zetu ni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na FIBA haina sekunde tatu za mlinzi, kwa hiyo mtashinda mechi za wilaya kwa njia hiyo na mtamharibia miguu. Hesabuni kwa sauti mazoezini, moja, mbili, toka, hata kama mwamuzi wetu hapigi filimbi. Eneo letu lina upana wa mita 4.9: mpitisheni ubavu kwa ubavu kutoka mstari hadi mstari, amekaa chini, sekunde 30 kazi na 30 kupumzika, mara sita. Tazameni magoti. Kwa wengi yananyooka kwenye mzunguko wa tatu au wa nne. Yakinyooka, simamisheni hapo hapo, maana kuendelea amesimama wima ni kumzoesha kosa. Kesho ongezeni mzunguko mmoja.

Mikono: mpira wa tenisi ukutani, umbali wa mita tatu, mkono mmoja mmoja, mara 50 kila upande, kila siku. Mchezaji mrefu anapoteza pasi kwa sababu vidole vyake havijazoea mpira unaokuja kwa kasi karibu na mwili. Kisha zoezi la Mikan, kulia na kushoto chini ya ringi, vikapu 20, na mpira usishuke chini ya kidevu. Akiushusha hadi kiunoni, mwambieni gadi mfupi kuliko wote aje aupokonye. Mara tatu tu, ataelewa.

Faulo: kocha ashike mpira, afanye ishara kumi za uongo na mitupo mitatu ya kweli, bila mpangilio. Kijana asiruke mpaka mpira umetoka. Akiruka, aruke wima, mikono juu, isishuke. Ribaundi: mtu kwanza, mpira baadaye. Mkono wa mbele kifuani mwa mpinzani, zungusha mguu, makalio kwenye mapaja yake, hesabu mbili, ndipo uruke. Mpambanisheni na kijana mfupi mwenye nguvu, aina ya Blair, kila Jumamosi, na msimwonee huruma.

Na jambo moja dogo linalowaponza vijana wetu wanaokwenda Marekani: FIBA inaruhusu kuugusa mpira ukishagonga ringi, hata ukiwa bado unacheza juu yake. Vyuo na NBA haviruhusu. Kijana aliyezoea kuufagia mpira kwenye ringi huku kwetu atawapa wapinzani pointi mbili kule, na kocha wake mpya hatajua ametoka nalo wapi. Mfundisheni yote mawili tangu sasa, mwambie leo tunacheza sheria hii, kesho ile.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali tuyaanze kwa makocha wa shule, halafu vijana.